Nyayo Ndogo Kwenye Ukuta Wangu

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada kabla sijafanya jambo la aibu, na usinicheke mwandiko, shule niliiacha darasa la nne baada ya mimi na mwalimu kutoelewana nani kati yetu ni mjinga. Mimi ni mpaka rangi mstaafu, meno yamepungua lakini macho bado, na macho hayo ndiyo yaliyoniponza, maana juzi nimeona nyayo za matope kwenye ukuta wa nyuma, zimeanzia kwenye nondo za dirisha zikapanda hadi kwenye bati, ndogo ndogo, nikasema kumbe anayeniibia mke ni mfupi, na hilo nalo ni tusi. Halafu kwenye kamba ya nguo nikakuta suruali yangu ya kazi imekatwa na kubanwa kiuno, nikauliza, "Mama watoto, hii imepatwa na nini?" akanijibu, "Imepungua, mzee, kama mwenyewe," na jirani yetu mjane akacheka mpaka akashika mbavu. Kubwa zaidi, chini ya godoro upande wake nimekuta ufunguo mpya wa geti, na geti hilo nalifunga mimi kila mchana, yeye akibaki ndani, nikienda kucheza drafti kule mlimani, ufunguo ni mmoja tu na unakaa mfukoni mwangu, si kwamba simwamini, ila kopo lisilofunikwa halikosi wa kuchovya brashi.

Zamani hakuwa hivi. Yameanza baada ya mafuriko ya mwaka jana, nilichelewa kushuka mlimani nikamkuta amesimama juu ya meza, maji kifuani, mama yangu mgongoni, na tangu siku hiyo ananitazama kama deni. Sasa mvua zimeanza tena, nami nimeshanunua kufuli kubwa zaidi. Nikilifunga kesho nitakuwa nimekosea?

Mzee wa Brashi

Mzee wa Brashi, pole, na aibu juu yako. Miaka yote hiyo unapaka kuta, hujui unyayo wa mkeo? Hakuna mwanamume mfupi. Anayepanda ukuta ni yeye, anajifunza, na nadhani huyo mjane ndiye anayemshikilia miguu. Nyinyi mlipopanda miti utotoni mlisifiwa. Sisi tulichapwa tukaambiwa tushushe magauni. Gauni likilowa maji linakuvuta chini kama jiwe, ndiyo maana suruali yako imepata kazi mpya. Na ufunguo? Mtu aliyekutwa na mafuriko amefungiwa ndani, mama mkwe mgongoni, hachongeshi ufunguo kwa ajili ya mahaba.

Nami nikushuku kidogo, baba. Siku ile ulichelewa kwa sababu ya maji, au mchezo ulikuwa umenoga? Usinijibu mimi. Yeye anajua.

Kufuli jipya lirudishe dukani, na la zamani ling'oe leo. Ngazi yako ya kazi iegemeze kwenye ukuta huo, uiache hapo. Mama yako mpelekeni kwa ndugu anayekaa juu kabla mvua haijakolea. Kisha mwambie mkeo kwa mdomo wako: "Maji yakija, usiningoje wala usiniombe ruhusa." Rudia mara mbili, maana ya kwanza atadhani umelewa.