Pome Isiyowaka

Base Camp, Nakivale
Jumamosi, tarehe 12 Agosti 2023
Mwaka wa ishirini na tano tangu nitoke nyumbani

Mdogo wangu Mutware,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na Uwamariya mke wako na wote wanaolala chini ya paa lako huko Uvira. Natumaini mgongo umekuachia uweze kuinama shambani. Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mvua ilikatika mapema, mahindi yamekataa, maharage yamejitahidi. Macho yangu bado yanasoma, ila siku hizi kitabu nakipeleka mlangoni.

Barua yako niliipokea mwezi wa tano kwa mkono wa mchungaji. Uliniuliza mambo mawili, tena kwa upole ulionitia haya: mama alizikwa wapi katika ile njia ya kuteremka kutoka Bijombo, na mimi nitarudi lini ili tumwekee jiwe pamoja. Nimekaa miezi mitatu bila kujibu. Sasa nakueleza kwa mpangilio, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu kuandika insha.

Unamkumbuka mama Ancilla, yule mjane aliyekaa ng'ambo ya kisima chetu. Siku zile za kukimbia, mimi nilipita njia ya juu na watoto, wewe ulikuwa shuleni Bukavu, na mama yetu aliteremka pamoja na kundi la Ancilla. Katika wote waliomzika, amebaki Ancilla peke yake. Mwaka jana aliletwa hapa na mjukuu wake Eliane, kutoka kambi nyingine ya wakimbizi. Nilimkimbilia siku ileile. Alinishika mikono, akalia, akasema kwamba atanieleza, lakini kwa safari yote, kijiji kwa kijiji, kwa sababu akiruka fasi moja, mahali pamoja tu, anapotea. Tena atasema mara moja tu, mbele ya mashini, ili maneno yabaki.

Mashini ni kompyuta. Kanisani kwetu tunaoandika habari za wazee ni wawili, mimi na Kabanda, katibu wa kanisa. Ya Kabanda ni ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia. Mgongoni mwa kifuniko chake kuna lile tunda lililong'atwa, ambalo sisi Wakongomani tunaliita pome, na akiifungua tu, pome inawaka nyeupe. Yangu nilitumiwa na binti yangu Sonia kutoka Kanada. Ni mpya, nyembamba, na kazi inayoichukua ile ya Kabanda robo saa, yangu inaimaliza kabla hujapiga chafya. Lakini pome yake haiwaki. Ni bati linalong'aa kidogo juani, basi. Walioziunda waliiondoa ile taa miaka mingi iliyopita.

Jambo hilo dogo lilizua mjadala ambao hungeamini. Kwenye kibanda cha chai cha Pacifique wazee waligawanyika. Nathalie, anayechaji simu za watu, alisema afadhali imeondoka, maana ilikuwa ikila moto wa betri bure na kuwaita wezi. Nilimsahihisha kwamba haikula chochote, iliazima mwanga wa kioo chenyewe. Akanijibu kwamba mwalimu hastaafu. Sonia naye aliniambia kwa simu kwamba hata huko kwao watu waliilalamikia, wengine wakang'ang'ania mashini zao kuukuu kwa ajili ya taa tu, na mume wake akawacheka kwamba wanalilia urembo. Kabanda hakubishana. Alifungua yake mezani, akaigeuza tuione, akasema pome ya Mwalimu bado mbichi, tumpe muda iive. Walicheka hadi Pacifique akamwaga chai.

Mimi niliwaza sana juu ya taa ile, Mutware, na nikaona hivi: anayeandika haioni kamwe. Katika mashini nzima ni kitu pekee kilichotengenezwa kwa ajili ya yule aliyekaa upande wa pili.

Na upande wa pili alikaa Ancilla. Katika kambi ya kwanza aliyofikia, afisa mmoja alimhoji asubuhi nzima, akiandika nyuma ya kifuniko cheusi. Baada ya mwaka aliambiwa kwamba hakuna kilichoandikwa. Tangu hapo aliweka sheria yake: haongei mbele ya mashini asiyoiona ikiwaka. Nilipoketi mbele yake na mashini yangu mpya, aliitazama mgongo, akaniambia, "Mwalimu, hii yako imelala. Mimi siwezi kuongea na mutu mwenye kulala." Akamchagua Kabanda.

Basi kila Jumanne na Alhamisi Kabanda alikwenda kwake, na akitoka huko alipita kwangu. Alisimama mlangoni na kuniambia, "Mwalimu, leo mama yako amevuka mto, viatu mkononi." Au kwamba leo mama yako aliwaimbisha watoto wa watu waache kulia. Siku moja alinihadithia kwamba mama alilitaja jina langu katika shamba la migomba, na akanieleza alivyolitamka, kwa kulivuta mwisho. Kana kwamba mimi sijui mama alivyoniita! Nilimkaribisha chai, nikatabasamu, nikamchukia. Alikuwa akizipata siku za mwisho za mama yangu zikiwa bado za moto, kisha ananiletea makombo, na watu wanamsifu kwa moyo wake mwema. Na moyo mwema anao. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mwezi wa nne ubao wa namba za nyimbo ulidondoka ukutani ukaangukia mashini ya Kabanda, kioo kikapasuka. Alikaa kwenye benchi akaishika kama mtoto mgonjwa. Mimi nilikuwa na safari ya Mbarara kutazamwa macho, nikajitolea kuipeleka. Niliirudisha siku ya tatu ikiwa na kioo kingine, kizuri. Pome haikuwaka tena. Nilimweleza kwamba vioo vya siku hizi ndivyo vilivyo. Alinishukuru mbele ya kanisa zima.

Ancilla aliutazama ule mgongo mweusi, akauliza nani ameiua. Kabanda aliigeuza amwonyeshe maandishi. Ancilla akasema hata ile ya afisa ilikuwa na maandishi. Nilileta na yangu, nikamwambia mimi ndiye mtoto wa marehemu. Alizitazama zote mbili, akacheka kwa huruma. "Zote zinalala. Mukaziamushe kwanza." Katika masimulizi walikuwa wamefika mahali ambapo mguu wa mama umevimba na wanamtafutia fimbo.

Nilijua atachoka kunyamaza. Nilingoja wiki tano. Mwanzoni mwa mwezi wa sita alianguka jikoni, upande wa kulia ukafa pamoja na ulimi. Sasa Eliane anamlisha uji kwa kijiko. Nikiingia ananitazama, mdomo unacheza, inatoka sauti isiyo na neno ndani yake. Kuandika hajui. Tulimsomea majina ya vijiji vyote vya njia ile tukamwomba afumbe jicho panapohusika. Alifumba kwa kila kijiji.

Sasa nakwambia nisilomwambia mtu. Fundi wa Mbarara anaitwa Patient, kijana mwangalifu. Alipomaliza kufunga kioo, pome iliwaka kama zamani, niliiona kwa macho yangu. Akaniambia kwamba ukikaa na jua nyuma, mwanga unapenya hapo na kuchora doa kwenye kioo, hivyo wateja wengine humwomba aizibe kwa karatasi nyeusi kwa ndani. Akauliza, mzee, niizibe ama niiache? Nikasema ziba. Hakuuliza kwa nini, nami sikuwa na sababu ila moja: kwamba tuwe sawa, mimi na Kabanda, gizani wote wawili. Na zile wiki tano ningeweza kuipeleka tena ikazibuliwa kwa nusu saa. Sikutaka Kabanda ajue.

Kesho baada ya ibada nitamweleza yeye, kisha nitakwenda kwa Ancilla nimweleze naye, maana kusikia anasikia. Wewe nimekutanguliza kwa sababu ni mama yako pia, na jiwe hilo nimekunyang'anya wewe vilevile.

Mpe Uwamariya salamu zangu, na watoto wabusu kwa niaba ya mzee wasiyemjua. Wazee wa kanisa wakikuuliza habari zangu, waambie ukweli huu wote, usiupunguze.

Katika jambo la kwanza, Mutware, sijui mama amelala wapi, na aliyejua hawezi kusema tena kwa kosa langu. Kwa hiyo la pili nalijibu pia. Njia ile siwezi kuikanyaga bila kujua ninapita juu ya nani. Sitarudi.

Kaka yako,
Muhirwa Anatole