Shimo la Bustanini

Alhamisi, 12 Juni

Nimefagia bustani ya makumbusho yote. Majani ya mwarobaini hayaishi. Jumamosi ni siku ya wananchi: ngoma, vyungu, dawa za miti, halafu mimi na hadithi zangu. Nimewekwa mwisho, maana nikishaongea mimi nani atamsikiliza mwingine? Neema, binti anayesimamia hapa, anataka wageni waone utani wa msibani. Nimechimba kaburi mwenyewe. Vijana wa Ruhembe wangelichimba siku mbili. Mimi nimemaliza chai haijapoa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekata mgomba, nimeuzungushia shuka. Ndio maiti wetu. Kwetu milimani kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Maiti hayupo, unazikwa mgomba. Maganga kaja kuchungulia. Mnyamwezi huyu ni mtani wangu toka enzi za mkonge. Kasema maiti ana sura nzuri kuliko mimi.

Jumamosi, 14 Juni

Watu wamejaa, wengine wametoka Zombo kwa pikipiki. Nikawapa ile ya simba wa Mikumi aliyenipisha njia kwa aibu. Wamecheka mpaka machozi. Ila mgomba hauchekeshi. Nikautupa kando, nikamwambia Maganga shuka wewe. Kashuka, kalala, kakunja mikono.

"Sitoki mpaka mnipe jogoo, nyie Wasagara wachoyo!"

"Lala tu, mtani, hiyo ndiyo saizi yako!"

Nikamtupia koleo la udongo kifuani. Makofi! Siku ilikuwa yangu.

Maganga katoka anajipangusa udongo. Kasema kule chini kuna mtu kasogea ili yeye apate nafasi. Tukacheka wote. Mgomba wameula mbuzi.

Jumapili, 15 Juni

Shimo bado wazi. Neema anasema wiki ijayo mgeni rasmi atapanda mti humo. Bustani nzima majani. Shimoni hata moja. Nimetupa mawili makusudi. Nimerudi baadaye, hayapo. Upepo hakuna.

Jumatatu, 16 Juni

Maganga amelala toka juzi. Zahanati wamempima, hawaoni kitu. Nikamtukana toka mlangoni: Mnyamwezi gani analala mchana, amka ubebe mizigo! Kageukia ukutani. Miaka yote hii hajawahi kukosa jibu. Mkewe, Mama Shija, kamfunika shuka.

Nimeogopa. Naandika hivyo hivyo. Nimeogopa.

Jumanne, 17 Juni

Shimoni pana alama ya mtu aliyelala. Bega. Nyonga. Visigino. Mimi mwongo, lakini hili silitii chumvi. Nilimweka mtu hai mahali pa mgomba, kisa kuchekesha watu. Sasa shimo linamngoja.

Nikamwomba Neema nilifukie, mgomba ndani.

"Babu, hadithi ziliisha Jumamosi."

Nikaapa. Kacheka zaidi, kamwita na mlinzi aje asikilize. Nimewadanganya watu hawa miaka na miaka. Leo nasema kweli, wananipigia makofi.

Jumatano, 18 Juni

Maganga hata uji hapitishi. Mama Shija kamwosha miguu asubuhi, umetoka udongo mwekundu. Kitandani hajashuka.

Nikaenda. Mchana kweupe, Neema yuko kikaoni. Nimekata mgomba mwingine, nimeuzungushia shuka langu ninalolalia. Nikaushusha taratibu, kama mtu. Nikasema, "Huyu ndiye wako. Yule nilikuwa natania." Sikuwa na utani mdomoni hata kidogo.

Nimefukia mpaka mikono imetoka malengelenge. Udongo haukutosha. Ule ule uliotoka humo, haukutosha. Nimechota wa kwenye maua.

Neema karudi, kaona maua yake. Kanifukuza kazi. Kanionya nisikanyage tena pale. Sawa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekaa nyumbani. Sijaenda kwa Maganga. Naogopa kukuta watu wamekaa nje.

Ijumaa, 20 Juni

Maganga kaamka. Kanywa uji bakuli zima. Nimemkuta uani anaota jua. Nikamtania kidogo, polepole, nikamwambia hata kufa kumemshinda. Kaniangalia kama mtu anayetafuta jina langu.

Yeye mkubwa kwangu, kanizidi miaka minne. Kainamisha kichwa.

"Shikamoo," kasema.

Mama Shija kaacha kupepeta mchele.

Nikatafuta kigoda, nikakaa.

"Marahaba," nikaitikia. Sijui nilikuwa namwitikia nani.