Manka, Nimekuletea Jani la Isale

Manka mwanangu,

Miezi saba hujaja hata ndotoni. Jirani yetu Mama Eliya ameshamwota marehemu mumewe mara mbili, na wale walikuwa hawapatani. Wewe je? Nilikunyima nini?

Herufi hizi ni zile ulizonifundisha kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni, ukiniambia, "Mama, kalamu si jembe, usiikabe." Bado naikaba. Vumilia.

Mforosadi wa nyuma ya jikoni umezaa. Matunda meusi, yanaanguka yenyewe. Ulipokuwa mdogo ukitokwa vidonda mdomoni, nilikukamulia yaliyoiva nikatia asali, ukapona, na bakuli ukalilamba. Ulipomzaa Neema nilikulisha matunda hayo baada ya mtori wa ndizi ili damu irudi, na ikarudi. Basi nikajivuna. Ulipopanda kutoka Njoro na habari ya kisukari, nilianika majani yake nikakuchemshia. Ukapata nafuu. Nikasimama nje ya kanisa nikawatangazia watu kwamba majani yangu yamemaliza sukari ya Manka.

Nawe ulikuwa pembeni yangu, unasikia. Hilo ndilo linalonila. Baada ya mazishi yako nilifungua sanduku lako nikakuta vidonge vya kliniki, pakiti kwa pakiti, havijaguswa. Uliniamini mimi kuliko daktari. Mimi, ambaye karatasi ya dawa naishika juu chini.

Sikukuambia uviache. Lakini sikukuuliza pia.

Nilichukua panga niukate ule mti. Nikamkuta Neema juu ya tawi, mdomo umekuwa zambarau hadi kidevuni, wewe kabisa. Akasema, "Bibi, subiri kwanza nishuke." Nikarudisha panga ndani. Mti haukutangaza kitu. Ni mdomo wangu.

Watu bado wanakuja kuomba majani. Nawapa. Ila mwenye sukari namwambia anionyeshe kwanza vidonge vyake, na siku ya kliniki aende. Chai ni chai. Juzi Mama Eliya alinuna: "Siku hizi umekuwa nesi?" Nikamwambia, "Nimezika."

Leo asubuhi nimechuma jani la isale, nikalifunga fundo, nikaliweka kaburini kwako hapo mgombani, upande wa kichwa. Unajua kwetu, aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Hata baba yako na kiburi chake alipelekewa, akalipokea. Lakini wewe uko kimya, nami sijui kama huko ulipo jani hili lina nguvu.

Pumzika, mwanangu. Neema yuko kwangu. Nitamfundisha kila jani ninalolijua, na nisichokijua nitamwambia sikijui.

Ukija, usipite mbele; kuna mbwa mpya, hakujui. Pitia jikoni, mlango siufungi. Na uje umelishika lile jani, nilione.

Mama yako