Waliniuliza Saizi ya Gumbuti, Mbona Hawapigi Simu?

Mpendwa Anti Wacera, naomba msaada wako kabla mwezi haujaisha, kwa sababu mwezi ukiisha mama mkwe wangu anakuja kutoka Kitui kumchukua mtoto wangu, na mimi ndiye nilimwita, na sasa sijui kama nilimwita bure. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Becky, ameanza kutembea juzi tu na bado anashikilia ukuta, tunaishi Kambi Muru hapa Kibera pamoja na baba yake, Kimanzi, ambaye hufanya mjengo kazi ikipatikana. Masomo yangu yaliishia darasa la nane kwa hivyo unisamehe nikikosea, niliambiwa wewe husoma hata barua zilizoandikwa vibaya.

Kazi yangu ilikuwa kufua nguo za watu huko Kawangware, kuna mahali tunakaa akina mama na mabeseni yetu tukingojea mtu aje aseme anataka wa kufua, na hapo ndipo nilisikia kuna bekari karibu wanatafuta wanawake wa kupakia mkate. Nilipeleka jina na namba yangu, nikaitwa intavyu. Tulikuwa wengi kwenye benchi, nikakaa karibu na msichana anaitwa Mukai, mtu wa kwetu Ukambani, tukaongea Kikamba kidogo roho ikatulia. Nilipoingia nilikuta mama mmoja nadhifu na jamaa wa miwani, wakaniuliza kama naweza kusimama siku nzima, nikasema kwa kufua nimeinama siku nzima kwa hivyo kusimama itakuwa ni kupumzika, wakacheka, lakini kicheko kizuri. Wakaniuliza kama niko na kile cheti cha afya cha watu wanaoshika chakula, nikasema bado, wakasema nikichukue. Kisha yule mama akaniuliza kama nina mtoto mdogo, nikasema ndiyo, bado ananyonya, akaweka kalamu chini akaniambia, "Hapa kuna shifti ya alfajiri. Panga mambo ya mtoto kwanza, sisi tutakupigia." Halafu nikiinuka yule jamaa akaniuliza navaa gumbuti, zile buti za mpira, saizi gani. Nikasema tano.

Anti, mtu atakuuliza aje saizi ya gumbuti kama hana mpango wa kukupa kazi?

Nilitoka hapo nikitembea kama mtu ameajiriwa. Nilienda nikapimwa nikachukua cheti cha afya, nikamwachia rafiki yangu Nzilani wateja wangu wa kufua kwa sababu niliona si vizuri kuwaacha watu na nguo chafu, nikampigia mama mkwe simu nikamwambia nimepata kazi ya bekari aje amchukue Becky. Yeye alifurahi sana, akasema, "Mwezi ukiisha nakuja kumchukua, huku kuna mbuzi amezaa, atakunywa maziwa, na kuna mahali pa kukimbia, si huko kwenu mtoto anacheza kwa mlango wa jirani." Na ni kweli anachosema, siwezi kumkatalia.

Halafu nikamwachisha mtoto. Wamama wa ploti waliniambia nipake shubiri, nikapaka. Becky alionja akaniangalia, hakulia mara moja, aliniangalia tu kama mtu ameingia nyumba ambayo si yake, kisha akajaribu upande ule mwingine, na huo pia nilikuwa nimepaka. Siku hiyo mimi ndiye nililia zaidi. Nikajiambia ni kwa sababu yake, nikianza kazi nitamtumia viatu huko Kitui, nitakuwa naenda kumwona nikipewa siku ya ofu.

Sasa simu ndiyo haijalia. Yaani inalia, lakini ni dada yangu, ni watu wa chama, na mara moja ilikuwa namba ngeni nikapokea nikisema "Halo madam" kwa ile sauti ya intavyu, kumbe ni mtu alikuwa anatafuta fundi wa kuziba tangi. Kanisani siizimi, naishika mkononi hata wakati wa maombi, mama wa mbele akageuka akaniangalia vibaya nikafunga macho nikajifanya naomba. Nikienda kuteka maji namwachia jirani yangu Sella simu, namwambia ikilia apokee aseme niko karibu. Sella ni mtu wa mzaha. Akiniona tu anasema, "Mama Becky, huo mkate bado uko oveni? Angalia usiungue." Wengine wanacheka na mimi nacheka pia, lakini nikiingia kwa nyumba nakaa tu chini.

Kimanzi yeye aliniambia, "Hao wamekuzima. Rudi kwa beseni."

Nikamwambia si waliniuliza saizi ya gumbuti.

Akasema, "Hata mimi najua saizi yako na sijakuajiri."

Niliwapigia, simu ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena akapokea msichana akasema watu wa ofisi wako mkutano, nikaacha jina. Mwishowe nikaenda mwenyewe mpaka geti, mara mbili. Kuna soja hapo anaitwa Nalianya, mtu mpole, akaniambia, "Dada, ulikuja ile siku nyingine nikakuambia. Wakikutaka watakupigia. Mimi niko na geti peke yake, habari za ndani sina." Nilikuwa bado nimesimama hapo ndipo watu wa shifti wakaanza kutoka, na mmoja alikuwa Mukai, yule wa benchi, ako na aproni ya bluu na gumbuti nyeupe, na unga kwenye nyusi. Aliniona akafurahi, akanishika mkono akasema, "Mama Becky, wewe wamekuweka shifti gani, mbona hatuonani?"

Nikasema yangu bado inapangwa.

Nilirudi Kibera kwa miguu nikifikiria, na nimejipa moyo kwamba labda wanaita watu kidogo kidogo, labda wanaita kulingana na saizi na gumbuti za tano hazijafika, sijui, Anti, nafikiria vitu vingi. Hata wangesema hapana, ningelia, ningemaliza, ningerudi kufua. Lakini hawajasema hapana. Sasa mama mkwe ananipigia kila mara kuuliza kama nimefunga nguo za mtoto, na Becky mwenyewe ameanza kunizoea tena, akiamka anakuja kwangu kwanza. Nikisema asiende halafu simu ilie kesho yake, nitakuwa nimejiharibia kazi kwa mkono wangu. Nikimwacha aende na simu isilie, nitabaki kwa hiyo nyumba bila kazi na bila mtoto. Niambie nifanye nini, nitafuata utakavyosema.

Mimi Mama Becky, Kambi Muru.

*

Mama Becky, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa huruma na mara ya pili kwa hasira. Hasira nyingi si yako, lakini yako kidogo ipo, na nitakupa.

Nianze na hao wa bekari. Ofisi inayoweza kukumbuka kuuliza mguu wako una ukubwa gani inaweza kukumbuka kuandika meseji ya maneno manne: nafasi imejaa, asante, kwaheri. Hawakufanya hivyo kwa sababu wao kunyamaza hakuwagharimu chochote. Wewe kumekugharimu wateja na maziwa ya mtoto. Ninapokea barua za namna hii nyingi, za vijana wenye digrii na za akina mama wenye mabeseni, na wote wanauliza swali moja, "Anti, nilikosea wapi?" Mara nyingi hukukosea popote. Umeachwa tu mlangoni na mtu ambaye hana adabu ya kusema nenda nyumbani. Mwajiri anayesoma hapa leo, kama kuna mtu umemwambia "tutakupigia" na hujampigia, weka gazeti chini umpigie.

Sasa wewe. Jibu lako umelipata, mama, ila hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulitamka. Lilitoka getini likiwa na unga kwenye nyusi. Mkate haungojei, na shifti zikishaanza zimeanza. Saizi ya gumbuti waliuliza benchi nzima, nina hakika, ndiyo desturi ya sehemu kama hizo, wanauliza wote ili wasiulize tena watakaobaki. Na kuna kitu umekiandika wewe mwenyewe kisha ukakipita mbio. Ulipotaja kwamba mtoto ananyonya, yule mama aliweka kalamu chini. Naona hapo ndipo mambo yaliishia. Si haki, na linaniuma kukuambia, lakini afadhali ulisikie kwangu kuliko uendelee kungojea gumbuti za saizi tano.

Halafu, kwa nini ulimwambia Mukai yako inapangwa? Ni aibu, naelewa, hata mimi ningetamani ardhi inifiche. Lakini huyo ni mtu wa kwenu, alikushika mkono kwa furaha, ako ndani, anaweza kumuuliza msimamizi wake kwa sekunde moja kile ambacho Nalianya hana namna ya kukijua. Wewe ukamfungia mlango ambao angekufungulia. Mtafute umwambie ukweli. Kazi za mjini hupatikana kwa mtu aliye ndani kuliko kwa simu iliyoshikwa wakati wa maombi. Nafasi nyingine ikitokea, awe ndiye wa kwanza kukuambia.

Ofisi nayo utaipigia mara moja tu, asubuhi watu wakiwa hawajachoka. Usianze kwa samahani wala kwa sauti ya intavyu. Taja jina lako, sema ulihojiwa, uliza, "Nafasi imejazwa au bado?" Wakisema imejazwa, asante. Wakisema "tutakupigia," hiyo nayo ni imejazwa. Wasipopokea, vilevile. Baada ya hapo huna haja ya kumwachia Sella simu ukienda kuteka maji, simu yako inarudi kuwa ya dada yako na ya chama.

Cheti cha afya usikiweke chini ya godoro. Hakikuandikwa jina la bekari hiyo, kimeandikwa jina lako. Kinatumika miezi sita, na kutoka Kawangware mpaka kwenu Kibera kuna hoteli za chai na mandazi, kuna jikoni za shule, kuna watu wanaopika githeri kwa sufuria kubwa wakitafuta mikono misafi. Ingia na cheti mkononi, uliza mwenyewe. Pia umwone Nzilani. Usimnyang'anye wateja uliompa kwa hiari yako, hilo si uungwana, lakini mwambie kazi haikutokea na umwombe awarudishe wawili watatu au mfue pamoja. Rafiki wa kweli hatacheka. Akicheka, kaa kando yake na beseni lako tu, nguo chafu za Kawangware zinawatosha nyote.

Kuhusu kumwachisha mtoto, usijipige. Becky anatembea, watoto wa umri wake huachishwa kila siku na akina mama wasio na shida yoyote, na wengi hupaka hiyo hiyo shubiri. Hukumfanyia ubaya. Mpe uji mzito, mbebe, na akikujia kwanza asubuhi usimwonyeshe uso wa mtu anayengojea simu.

Na sasa lile ulilonijia nalo. Mtoto haendi Kitui kwa kazi ambayo haina siku ya kuanza. Hilo si la kulijadili na ploti nzima. Mpigie mama mkwe wako leo, wewe mwenyewe, usimtume Kimanzi, kwa sababu wewe ndiye ulimwita. Mwambie kazi uliyomwambia haikupatikana, na Becky anabaki na wewe. Atanuna, maana mbuzi amezaa na moyo wake ulishajiandaa. Mwache anune. Usimtafutie maneno matamu wala usimwahidi mwezi ujao. Ikija kazi ya kweli, yenye tarehe na shifti inayojulikana, kwanza utatafuta mama wa kukulelea hapo hapo Kambi Muru ili mtoto alale kwako, na Kitui itakuwa la mwisho, si la kwanza.

Unaogopa utamkataza leo na simu ilie kesho. Basi ilie. Utawauliza siku ya kuanza na uwaombe wiki moja ya kumpangia mtoto. Wakikupa, una kazi. Wakikunyima wiki baada ya kukunyamazia hivi, utakuwa umejua mapema ni watu gani ungewafanyia kazi kila alfajiri, na hutakuwa umepoteza kitu.

Kama mama mkwe ameshakata tiketi, asiirudishe. Aje kama mgeni, mpikie, acheze na mjukuu wake mpaka achoke. Siku yake ya kurudi ikifika msindikize mpaka steji ya magari ya Kitui, Becky akiwa mgongoni kwako, muage vizuri, na urudi Kambi Muru naye.