Grupu Lisilofunguka kwenye Simu Yangu

Tangini, Kibaha
Jumapili, baada ya misa

Mpendwa mdogo wangu Selina,

Shikamoo yako ilinifikia katika barua yako ya mwezi uliopita, nami nakujibu kwa moyo wote: marahaba, mdogo wangu. Hali yako ikoje huko Bukoba? Kile kifua kilichokusumbua msimu wa mvua kimepona? Masista walezi wako nao hawajambo? Sisi huku tu wazima. Baba naye ni mzima, na hilo nakuambia mapema kabisa ili usisome ukiwa umeshika roho mkononi, maana barua hii itapita mahali pabaya kidogo kabla ya kufika kwenye salamu za mwisho.

Wewe ulipoingia unovisi kujiandaa kwa nadhiri ukaacha simu yako kwa Adam, nilikuhurumia. Siku hizi nakuonea wivu. Ngoja nikueleze.

Kumbuka tulivyokuwa na lile grupu kubwa la ukoo, wajomba, mashangazi na watoto wa mabinamu, kila asubuhi maua na mistari ya Biblia, jioni matangazo ya misiba ya watu tusiowajua. Kaka Mashauri alilichoka. Mwaka jana, alipopandishwa cheo pale Kisarawe, alijinunulia simu ya zile za bei mbaya, akamnunulia na wifi yetu Evaline. Haukupita muda Adam naye akapata ya kampuni hiyohiyo, ya mtumba lakini inang'aa. Simu hizo zina programu yao ya kutumiana ujumbe, na programu hiyo inakubali simu za kampuni hiyo tu. Wakafungua grupu humo, wakaliita Wana wa Ngusa. Mimi na simu yangu ya kawaida niliyonunua pale Maili Moja tukabaki nje, ingawa na mimi ni mwana wa Ngusa.

Nilipouliza, kaka alinijibu kwa upole kwamba wamejaribu kuniingiza, programu imekataa, nikipata nafasi ninunue simu kama zao. Alisema habari zote za maana Adam atanifikishia. Adam unamjua. Habari ya Jumatatu ananiambia Alhamisi, tena nusu.

Sitakuficha, Selina. Niliumia kuliko nilivyoonyesha. Tangu mama afariki, nani alikuwa akienda Gwata kwa baba kila Jumamosi? Nani alimfulia baba, akamwoshea kile kidonda cha mguu kilichogoma kupona kwa sababu ya sukari? Halafu siku moja Adam ananionyesha simu yake, namwona baba amekaa kwenye kiti cha uvivu, amevaa sweta ya kijani ambayo sikuwahi kuiona, anacheka mpaka pengo linaonekana. Video hiyo kaipiga Evaline, siku walipopita Gwata kumsalimia. Nikamwomba Adam anirushie. Ilinifikia ndogo kama stempu, ukungu mtupu, baba hana hata macho. Niliiangalia hivyohivyo, nikasema moyoni: huyu mwanamke wa Tukuyu amemwona baba yangu akicheka, mimi naletewa ukungu.

Basi, Jumamosi moja mwezi uliopita nilifungasha dagaa, michembe ya viazi vitamu na bendeji mpya, nikapanda gari hadi Mlandizi, nikachukua bodaboda kuingia Gwata. Nikakuta mlango wa baba una kufuli. Ng'ombe walikuwa zizini saa ambayo wangekuwa malishoni. Nikaita, kimya. Akatokea mzee Mfaume, yule jirani mwenye shamba la mihogo, akashangaa kuniona. Akaniambia baba alianguka karibu na zizi katikati ya wiki, mguu ukavimba, kaka na mkewe wakaja na gari wakamchukua kwenda Kisarawe. Akasema, "Mama, mimi nilijua wewe ndiye uliyewaita."

Nilisimama pale na kikapu changu kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nikampigia baba, simu yake ikalia humohumo ndani ya nyumba iliyofungwa. Nikampigia kaka, haipokelewi. Nikampigia Adam. Akaanza kusema, "Dada, si tuliandika kwenye gru…" akajikatiza. Kisha sauti ikabadilika. Akaniambia baba yuko zahanati, amechomwa sindano asubuhi ile kwa ajili ya kidonda, na baada ya muda mfupi uso na koo vikaanza kuvimba, pumzi ikawa ya shida, wanahangaika naye. Nikamuuliza ni sindano gani. Hakujua. Nikamuuliza kama ni penisilini. Akasema, "Ndiyo, nadhani ndiyo hiyo."

Selina, wewe hukuwepo, ulikuwa bado shuleni. Mwaka baada ya mama kufariki, baba alichomwa penisilini pale Mlandizi akajaa vipele mwili mzima, na daktari alinishika bega akaniambia huyu mzee asipewe tena dawa hii maisha yake yote. Nilikuwa naye mimi peke yangu. Sikuona haja ya kutangaza, kwa kuwa kila alipokwenda kutibiwa alikwenda na mimi.

Sijui nilifikaje. Nakumbuka tu nikizunguka kupitia Gongo la Mboto, kisha kile kilima cha kupanda Kisarawe, huku nikirudia namba ya kaka mpaka simu ikazima. Nilipoingia, baba alikuwa amelala na maji ya dripu mkononi, uso umevimba kama wa mtu mwingine, lakini anapumua. Wale wauguzi walimuwahi, Mungu awabariki. Na ni nani aliyekaa kitandani pake, amemshika mkono? Evaline. Nilimwambia muuguzi habari ya Mlandizi, akaiandika kwa wino mwekundu, akaniuliza kwa mshangao mbona asubuhi aliuliza ndugu kama kuna dawa inayomdhuru mgonjwa akaambiwa hakuna. Nikamtazama Evaline. Akatazama chini.

Baba alipofumbua macho alisema, "Mayu." Wewe unajua mimi ndiye anayeniita hivyo, yaani 'mama' kwa Kisukuma chake, tangu nilipoanza kufanana na mama. Nikasogea. Kumbe alikuwa anamwita Evaline, anataka maji. Nakuambia kweli, mdogo wangu, hofu yote niliyokuja nayo ilikaa pembeni kwa dakika hiyo, wivu ukaingia ukakalia kiti chake.

Niliomba ruhusa kazini, nikabaki Kisarawe. Baba aliporuhusiwa tulikaa barazani kwa kaka, Adam naye akaja, na hapo ndipo maneno yalipotoka. Adam alikuwa ameshanionyesha ujumbe wao, nikawauliza wote kwa pamoja: swali la muuguzi liliandikwa kwenye grupu lenu, nyinyi wawili mkajibu hakuna, aliyekuwa anajua yuko nje ya mlango, je, kunipigia simu kulikuwa na ugumu gani? Kaka alisema alidhani Adam ameniambia. Adam alisema alidhani wifi ameniambia. Evaline aliendelea kumkata baba kucha.

Adam, kwa aibu nadhani, akageukia kampuni. Akasema kosa ni la hao wenye programu, walipaswa kulazimishwa wafungue, ujumbe uingie simu yoyote. Akatukumbusha zamani kutuma pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine ilivyokuwa taabu, leo inakwenda, na hakuna mtandao uliokufa kwa hilo. Kaka akapinga. Alisema mtu akijenga nyumba yake kwa jasho lake, mlango ni wake. Wameijenga vizuri kwa sababu wanajua nani anaingia. Akasema, "Ukifungua kwa kila mtu, kesho wanaingia na wale wa 'ile hela tuma kwenye namba hii'." Nami, ingawa nilikuwa na hasira, niliona kuna ukweli hapo, maana matapeli hao nawajua, wameshanilia mshahara. Lakini nikamwambia nyumba ni ya mwenye nyumba, sawa, ila sisi ndio tuliomhamishia baba humo. Hatukulazimishwa na mtu.

Baba, ambaye tulidhani amesinzia, akasema kwa ukali, "Mimi na kitochi changu nampigia yeyote. Nyinyi na hayo madude mmeshindwa kumpata mtoto wangu hapo Kibaha?" Akaomba apelekwe ndani. Hakutaka kushikwa na yeyote kati yetu, akajikokota mwenyewe na fimbo. Mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa, Selina, nifikie lile ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kesho yake asubuhi wanaume wametoka, mimi na Evaline tulikuwa uani tunaanika mashuka ya baba. Akaacha kuanika. Akasema, "Wifi, si simu iliyokukataa." Nikadhani anataka kunifariji. Akaendelea. Alisema Adam amewahi kupendekeza, zaidi ya mara moja, kwamba wahamie kwenye programu inayokubali simu zote ili na mimi niwemo. Kaka alikuwa hajali, alikuwa tayari kwa lolote. Aliyezuia ni yeye. Mara alisema picha zitaharibika, mara alisema atashughulikia yeye wikiendi, na wikiendi haikufika.

Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, nakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia: "Tangu nimeolewa humu, nikipika, baba anauliza Devotha huwa anawekaje chumvi. Nikimnunulia shati, anasema Devotha anajua kipimo changu. Hata yeye akija kwangu, mnakaa mnaongea kilugha, mnacheka, mimi naosha vyombo. Kwenye lile grupu ilikuwa mara ya kwanza nasema jambo la baba na watu wananisikiliza. Mimi ndiye niliyekuwa najua."

Kisha akasema lililobaki. Yule muuguzi alipomuuliza habari ya dawa, alishika simu, akatafuta jina langu, akaliona. Kidole kikawa juu yake. Akajiambia hapana, watoto wa kiume watajua, akarudi kwenye grupu akawauliza wao. Aliona afadhali asijue kuliko kuniuliza mimi.

Nilikuwa nimeshika shuka lililolowa. Nilitaka kumchapa nalo usoni, Mungu anisamehe, mkono ulishanyanyuka. Nikasema, "Ungemuua." Akajibu, "Najua." Hakulia, hakuomba msamaha, alisimama tu anasubiri. Na kilichonishusha mkono si huruma. Ni kwamba nilimwelewa, neno kwa neno. Ile video ya ukungu, lile neno mayu, sweta ya kijani. Mwaka mzima nilikuwa namtazama yule mwanamke kama mwizi, naye alikuwa akinitazama mimi vilevile, na kati yetu amelala mzee mwenye kidonda.

Nilimwambia mimi sitasema, lakini ajue kwamba lazima lisemwe na yeye mwenyewe. Jioni ile alimwita kaka chumbani. Sikusikia maneno. Kaka alitoka macho mekundu, akakaa barazani muda mrefu bila kuwasha taa. Asubuhi alikuja na simu yake, akaniomba yangu, akaweka kwenye zote programu ambayo haichagui simu, akatuingiza sote wanne. Mpaka leo analalamika kwamba picha si safi kama za kule, na kwamba yeye bado anaamini kampuni ina haki ya kufunga mlango wake. Nimemwachia imani yake.

Baba ameamua kubaki Kisarawe mpaka mguu upone. Ameamua mwenyewe, anasema hewa ya kilimani inamfaa, na Evaline anamsomea magazeti. Ng'ombe wanaangaliwa na mzee Mfaume. Mimi nakwenda kila Jumamosi, na jana nilipofika nikawakuta wamekaa wanacheka jambo nisilolijua. Wivu haujatoka. Lakini Evaline alisogea kwenye benchi, akanisimulia tangu mwanzo walichokuwa wanacheka, na kilikuwa kichekesho kweli. Juzi pia aliandika kwenye grupu kuniuliza kama baba anaruhusiwa kula ndizi mbivu na sukari yake. Nina hakika alikuwa anajua. Nilimjibu kwa urefu.

Mdogo wangu, niombee. Usiniombee wivu uishe, naona hilo ni kubwa, niombee usinifikishe pale ulipomfikisha yeye. Baba anakusalimu, anasema ukimaliza nadhiri zako uje umwone akiwa na miguu yote miwili. Kaka Mashauri na Adam wanakusalimu. Wasalimie masista wote, hasa yule aliyekufundisha kushona.

Na jambo moja la mwisho. Katika barua zako zote huwa unaniandikia "msalimie wifi". Safari hii usinitume. Mwandikie barua yake mwenyewe, yenye jina lake juu ya bahasha.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Devotha Ngusa