Nimemweka Benchi Msimamizi wa Ndoa Yangu

Bibi Aglaia mpendwa, naomba unishike mkono maana nimechanganyikiwa, mimi ni kocha wa timu ya mji wetu hapa kwenye bonde la makaa ya mawe, timu niliyoichezea beki wa kushoto mpaka goti likaniharibikia, na siku hiyo aliyenibeba kunitoa uwanjani ni Traian, kipa wetu, ambaye yeye na mkewe Viorica ndio waliosimamia ndoa yetu wakamsimamia na binti yetu kwenye ubatizo, na wewe unajua kwetu msimamizi wa ndoa ni mzazi wa pili, humjibu ovyo, sasa vuli hii mwenye timu kamfukuza kocha akanipa mimi kazi, na Traian bado yuko langoni, umri umekwenda, mipira ya juu inampita, tuko mkiani, na mwenye timu ananipigia simu kila asubuhi kuniuliza kama nafundisha mpira au nafuga wazee.

Jumamosi nikasoma majina mbele ya wachezaji wote, nikamtaja kipa mwingine, macho sikuinua. Traian akafunga kamba za viatu, akaenda kukaa benchi, tukashinda, na yeye ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Jumapili wakaja kula kwetu kama desturi, Viorica na sufuria yake ya nyama iliyofungwa kwenye kabeji, Traian akacheza na mtoto, nikasema moyoni sasa atalipuka, wala hakulipuka. Mlangoni ndipo akaniuliza, "Mwanangu, Jumamosi nani anakaa langoni?"

Nikamwambia, "Bado sijaamua, baba."

Nilikuwa nimeshaamua. Akanipiga bega, akaenda zake. Mke wangu Ileana anasema nimemvua mzee nguo hadharani, mwenye timu anataka nimwondoe kabisa, na mimi sielewi lile bega lilipigwa kwa kunisamehe au kwa kuniaga. Nimrudishe? Au niache kazi?

Doru

*

Doru, pole. Kumpenda mtu na kumweka benchi wiki hiyohiyo si mchezo. Ila pole yangu inaishia hapo.

Habari ya lango umeshaijibu mwenyewe, usinisumbue nayo. Huwezi kuishusha timu daraja kwa ajili ya sufuria ya Viorica. Ulipokosea ni hapa: mtu aliyekubeba ulimwacha asikie habari yake pamoja na kundi, kisha akakufuata mpaka mlangoni, akakuuliza kwa upole, ukamdanganya. Sasa unalichunguza bega lako kama wanaotafuta bahati kwenye machicha ya kahawa, na mwenye mkono ule yuko mtaa wa pili, ana mdomo.

Kazi usiache. Ukiiacha, atakuja kocha atakayemtoa Traian bila hata kumsalimia. Mwenye timu naye mwambie mzee anabaki mpaka mkataba wake uishe, na umwambie kwa sauti ya kocha, si ya mpangaji aliyechelewesha kodi.

Alhamisi baada ya mazoezi nenda nyumbani kwa Traian. Nenda peke yako, Ileana asikutangulie, na usibebe chupa ya pombe. Mwambie, "Jumamosi hukai langoni, na ilinipasa nikwambie wewe kwanza." Halafu nyamaza. Usimrushie kazi ya kufundisha makipa kama pipi ya kumbembeleza mtoto, akiutaka atasema. Akikutukana, msikilize mpaka amalize. Akikufukuza, ondoka, na Ijumaa urudi.