Rufaa ya Sauti ya Baba

Nairobi, Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi hii ya mwezi wa saba? Chai inachumika, au ukungu unawafungia ndani mpaka mchana? Na mdogo wangu Rashidi, bado anaigiza sauti ya marehemu baba akiita, nawe unamfukuza na mwiko? Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu.

Naanza na hili: mwacheni Zaina. Dada yangu amenipigia akilia, eti nyumba nzima inamwambia amempoteza baba mara ya pili. Ni kweli yeye ndiye aliyeweka mtandaoni video ya mbuzi wakichinjwa siku ya arobaini ya baba. Lakini aliyefunga ukurasa wa familia yetu si Zaina. Nisikilize, maana kazi hiyo naijua.

Majirani unawaambia mwanao yuko Kenya kwenye kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa kutazama vitu ambavyo watu wa Kiswahili wanaweka kwenye mtandao uleule wenye ukurasa wetu, niamue kipi kibaki na kipi kiondolewe. Nimeona maiti, nimeona watoto wakipigwa. Sikukuambia kwa kuwa usingelala.

Siku ya kwanza walitusimulia kampuni ilivyozaliwa. Mwalimu wetu, kijana wa suti, alisimulia kwa heshima utadhani anasoma maulidi. Wanafunzi wachache katika chumba cha bweni, huko ng'ambo, walitaka tu kujuana na wenzao. Ikaenea vyuo vingine, kisha nchi nyingine, mpaka ikatufikia sisi milimani.

"Sisi tunakutanisha watu," akasema, "na ni bure."

Nikaamini, Mama. Hakutuambia ilivyoanza kuchungulia mazungumzo ya watu ili iwauzie wafanyabiashara matangazo, wala ilivyonunua mitandao midogo iliyotaka kushindana nayo. Hayo niliyasikia kantini, na bado niliitetea. Hata sisi, simu zilipojaa, si tulifuta picha na video zote kwa kuwa ukurasa unatutunzia?

Baadaye wakatuambia tuifundishe mashine kuifanya kazi yetu. Kila nilichoondoa niliieleza sababu: kisu, damu, kilio. Nikamwuliza msimamizi, "Na sisi tunaochinja kwa ajili ya sadaka, itatujua?"

Akacheka. "Itajua tu, kaka. Na ikikosea, watu watakata rufaa, nyinyi mtazisoma."

Nyinyi mtazisoma! Mwezi uliopita tumeachishwa kazi wote kwa ujumbe mmoja wa simu. Nilipofika mlangoni kadi yangu haikufungua, na mlinzi niliyekuwa nikinywa naye chai kila siku akatazama pembeni. Mashine ilikuwa imeshaiva.

Basi mashine hiyo ikaona kisu na damu kwenye video ya Zaina, ikafunga ukurasa mzima, na baba ndani yake. Unaikumbuka ile video yake shambani, akimgombeza Zaina kwa kumpiga picha na matope miguuni, halafu anageuka na kukuita kutoka ng'ambo ya bonde uinjike maji ya chai. Hatuna sauti yake mahali pengine. Nimekasirika, Mama, tena nimekasirika sana. Watu wale niliwapa macho yangu na usingizi wangu, nao wamemnyamazisha baba.

Nimekata rufaa. Nimejibiwa kwa upole mkubwa kwamba itasomwa na mtu anayejua Kiswahili. Mama, mtu huyo nilikuwa mimi. Sasa meza ile haina mtu.

Nisalimie bibi, mwambie kikohozi asikidharau. Nisalimie mjomba wa Mombo akipandisha mizigo huko mlimani, na shangazi anayetuombea kila Ijumaa. Zaina mpe pole kwa mkono wako mwenyewe, umkalishe karibu nawe.

Na Rashidi usimfukuze tena. Najua inakuchoma, maana anaipata sauti ile sawasawa, mpaka kule kukwama kidogo kooni kabla ya jina lako. Ndiyo iliyobaki, na hiyo hakuna wa kuifunga. Jioni akisimama ukingoni mwa shamba akaita, wewe itikia, uinjike maji.

Mwanao anayekupenda,
Shabani